Kupotea, Kuokotwa na Kuruka Tena: Droni za Burudani katika Jicho la Teknolojia na Lugha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jambo ambalo limekuwa likijitokeza mara kwa mara tangu droni ndogo za burudani zilipoenea. Droni hupotea, ikakaa kichakani, juu ya mti au majini kwa majuma au miezi, kisha ikapatikana na kuwaka kana kwamba iliwekwa chini jana. Makala yanafafanua jinsi droni inavyopotea, mbinu za kuisaka, sababu za kisayansi zinazoifanya isalimike, na hatua za kuchukuliwa kabla haijarushwa tena. Hoja kuu ni kwamba kuwaka si kuwa nzima, na kwamba tofauti hii isipoeleweka inaweza kumletea mwokotaji moto nyumbani. Aidha, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi na minyambuliko ya kutosha kuibainisha tofauti hiyo, mradi watumiaji wake wasiridhike na jina moja la mkato.

1.0 Utangulizi

Kabla ya mwaka 2010, kurusha chombo cha angani kwa kujifurahisha kulikuwa ni kazi ya watu wachache waliojua kuunda na kurekebisha vyombo hivyo kwa mikono yao. Hali ilianza kubadilika mwaka huo, kampuni ya Kifaransa ya Parrot ilipouza AR.Drone, chombo chenye rafadha nne kilichoongozwa kwa simu ya mkononi. Mnamo Januari 2013, kampuni ya DJI ya mjini Shenzhen, China, ilitoa droni iitwayo Phantom, iliyoweza kutulia hewani kwa msaada wa setilaiti na kurudi yenyewe ilikotoka. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitoa Mavic Mini yenye uzito wa gramu 249 tu, pungufu ya nusu ya mfuko mdogo wa sukari wa nusu kilo. Kadiri bei zilivyopungua ndivyo droni zilivyoingia mikononi mwa wapiga picha za harusi, wanafunzi, watalii na wapenzi wa michezo.

Chombo kinachopaa mikononi mwa watu wengi hakina budi kupotea mikononi mwa watu wengi. Wahenga walisema kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Kauli hiyo inawaafiki warushaji wa droni, kwa maana wengi huzisaka droni zao kwa siku kadhaa, wakakata tamaa, kisha mchungaji wa mbuzi au mvuna asali akazikuta. La kushangaza ni kwamba nyingi kati ya hizo hupatikana zikiwa bado zinafanya kazi.

Makala haya yanajibu maswali matatu. Kwanza, ni mambo gani yanayoisababisha droni ipotee, na ni mantiki gani inayomwongoza anayeisaka? Pili, kwa nini chombo chepesi chenye umeme ndani yake kiweze kuanguka, kunyeshewa na kuchomwa na jua, na bado kikawaka? Tatu, aliyeiokota ana wajibu gani, na lugha ya Kiswahili inamsaidiaje kuuelewa wajibu huo?

2.0 Dhana ya Droni na Majina Yake

Neno 'droni' limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako maana yake ya asili ni nyuki dume. Historia ya jina hili inastahili kuelezwa, kwa kuwa inahusiana moja kwa moja na suala la kupotea na kupatikana. Mwaka 1935, Waingereza waliunda ndege iliyoongozwa kwa redio iitwayo Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, ili itumiwe kama shabaha na wapiga mizinga waliokuwa wakijifunza. Mwaka 1936, afisa wa jeshi la majini la Marekani, Delmer Fahrney, aliyekuwa akiongoza mradi wa aina hiyo nchini mwake, alianza kutumia jina la nyuki dume kwa vyombo vyake, kwa heshima ya huyo malkia.

Upande wa burudani nao una mchango katika historia hiyo. Reginald Denny, mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Uingereza, alifungua duka la vidude vya kurusha mjini Hollywood katika miaka ya 1930. Kutokana na uraibu huo alianzisha kampuni iliyoliuzia jeshi la Marekani maelfu ya ndege ndogo za shabaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege ambayo haikutunguliwa ilifungua mwavuli, ikateremka taratibu, ikaokotwa na kurushwa tena. Kwa hiyo, wazo la kuokota na kurusha tena lilikuwamo katika vyombo hivi tangu awali.

Katika Kiswahili, majina matatu yanashindana. La kwanza ni 'droni', ambalo ni fupi na linafuata ngeli ya I-ZI bila taabu: droni hii imeanguka, droni hizi zimeanguka. La pili ni 'ndege nyuki', linalosikika zaidi nchini Tanzania, na ambalo limeihifadhi ile taswira ya mdudu pamoja na mvumo wake. La tatu ni 'ndege isiyo na rubani', linalotumiwa sana na vyombo vya habari.

Jina hili la tatu lina kasoro. Droni ya burudani ina rubani. Tofauti ni kwamba amesimama chini, kidhibiti kikiwa mikononi mwake. Anayesema kuwa ndege haina rubani humwondoa katika maelezo mtu ambaye angepaswa kuulizwa pindi chombo kinapoangukia paa la jirani. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno 'droni', na anayeirusha anaitwa rubani.

3.0 Jinsi Droni Inavyopotea

Sababu za kupotea ni nyingi, lakini nne ndizo zinazojirudia.

Sababu ya kwanza ni kukatika kwa mawasiliano ya redio. Mawimbi yanayotumiwa na droni nyingi hayapenyi kilima wala jengo la mawe. Droni inapopita nyuma ya kizuizi, rubani hupoteza picha na uwezo wa kuiongoza. Droni zenye kifaa cha setilaiti hupangiwa kurudi nyumbani zenyewe hali hii inapotokea, lakini hurudi kwa mstari ulionyooka na katika kimo kilichowekwa na rubani. Iwapo kimo hicho ni mita 20 na njiani mna mkaratusi wa mita 30, safari huishia matawini.

Sababu ya pili ni kuondoka kabla ya wakati. Droni huyaandika makwao inapopaa, baada ya kupata setilaiti za kutosha. Rubani mwenye pupa akiirusha kabla ya hapo, 'nyumbani' panaweza kuandikwa mahali pengine kabisa, au pasiandikwe popote. Haraka haraka haina baraka.

Sababu ya tatu ni kudanganyika kwa dira. Dira ya droni ni kifaa kidogo kinachopima usumaku wa dunia. Vyuma vilivyomo ndani ya zege, magari na milingoti ya umeme huipotosha. Droni inayoamini kwamba kaskazini ni mashariki hujisahihisha upande usio sahihi, na kadiri inavyojisahihisha ndivyo inavyozidi kukosea.

Sababu ya nne, ambayo hupuuzwa zaidi, ni upepo. Mfano wa hesabu unaweza kulifafanua jambo hili. Chukua droni yenye uwezo wa kwenda mita 13 kwa sekunde katika hewa tulivu, na upepo wa mita 8 kwa sekunde. Droni ikienda na upepo, mwendo wake juu ya ardhi ni mita 21 kwa sekunde. Kwa dakika 2 huwa imefika mita 2,520. Inapogeuka kuukabili upepo huo huo, mwendo wake ni mita 5 kwa sekunde, na safari ya kurudi huhitaji sekunde 504, yaani dakika 8 na sekunde 24. Safari ya kurudi ni ndefu zaidi ya mara nne kuliko ya kwenda. Rubani anayegeuza chombo betri ikiwa nusu, akidhani ametenda haki kwa pande zote mbili, ameshakipoteza bila kujua.

4.0 Mbinu za Kuisaka Droni Iliyopotea

Anayesaka droni hana budi kuanza na kumbukumbu wala si miguu. Programu ya simu inayoongoza droni nyingi huhifadhi njia iliyopitwa pamoja na nukta ya mwisho ambapo mawasiliano yalikuwapo. Nukta hiyo huandikwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, na kwa kuwa Kenya imekaa juu ya ikweta, digrii moja ya longitudo nchini ni karibu sawa na hiyo. Kwa hivyo, namba yenye tarakimu tatu baada ya nukta humfikisha msakaji ndani ya mita 111 hivi, ilhali yenye tarakimu tano humfikisha ndani ya takriban mita moja. Anayeinakili namba kwa kuikata anajiongezea kichaka cha kupekua.

Ikweta hiyo hiyo ina mtego wake. Maeneo ya kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa. Nairobi iko karibu na −1.29 na 36.82. Alama hiyo ikisahaulika, ramani humwelekeza msakaji katika Kaunti ya Samburu, zaidi ya kilomita 280 kaskazini.

Baada ya nukta ya mwisho kujulikana, swali linalofuata ni hili: droni ilianguka au ilipeperushwa? Droni iliyozimika ikiwa mita 100 juu huchukua takriban sekunde 7 kufika chini, na upepo wa mita 5 kwa sekunde huisogeza mita 35 hivi. Eneo la kupekua ni dogo. Kinyume chake, droni ambayo mota zake ziliendelea kuzunguka lakini ikapoteza uwezo wa kujua ilipo, inaweza kuelea na upepo huo kwa dakika 10 na kufika mita 3,000. Usakaji wa namna moja haufai kwa hali zote mbili. Rubani anapaswa kukumbuka mambo mawili kabla ya kuanza kutembea: betri ilikuwa na kiasi gani, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea wapi.

Sauti na mwanga hutangulia macho. Droni nyingi zina taa zinazoendelea kuwaka baada ya kuanguka hadi betri iishe, na usiku taa hizo huonekana kutoka mbali. Warushaji wa droni za mashindano hufunga king'ora kidogo chenye betri yake, ambacho hulia droni inapokatiwa umeme. Wengine huzipangia mota zenyewe kutoa mlio bila kuzunguka. Kila kimoja kati ya vifaa hivi hutegemea umeme uliobaki, na ndiyo maana saa za kwanza zina thamani kuliko siku zinazofuata.

Hata hivyo, mbinu ya kale ingali na nguvu yake. Wenyeji wa eneo huijua ardhi yao kuliko setilaiti. Mchungaji, mchuma kuni na watoto watokao shuleni hupita mahali ambapo rubani hatafika. Droni iliyobandikwa namba ya simu ya mwenyewe ina nafasi kubwa ya kurudi. Ubandikaji huo hugharimu kipande cha karatasi na gundi.

Ni lazima pia kutaja mahali ambapo usakaji haufai kufanywa na mtu binafsi. Droni iliyonasa kwenye nyaya za umeme haiguswi kwa ufito wala kwa ngazi. Kampuni ya umeme ndiyo iitwe. Iliyoangukia ndani ya mbuga ya wanyama, kama vile Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hufuatwa kwa idhini na pamoja na askari wa wanyamapori. Hakuna droni yenye thamani ya kuzidi uhai wa mtu.

5.0 Kwa Nini Droni Hupatikana Ikiwa Bado Inafanya Kazi

5.1 Udogo na wepesi

Sababu ya kwanza ni umbo. Kitu kikiongezwa urefu mara 2 bila kubadilishwa umbo, eneo lake huongezeka mara 4, na uzito wake mara 8. Hivyo basi, kitu kidogo kina eneo kubwa la kukinza hewa kikilinganishwa na uzito wake. Mwanasayansi wa Uingereza, J.B.S. Haldane, aliieleza kanuni hii mwaka 1926 kwa mfano wa panya anayeweza kuanguka katika shimo refu la mgodi na kuondoka zake, ilhali mnyama mkubwa hawezi.

Droni ya gramu 249 ikianguka kutoka mita 30, nishati inayopaswa kufyonzwa chini, bila kuhesabu ukinzani wa hewa, ni takriban jouli 73. Phantom 4 ya mwaka 2016, yenye gramu 1,380, hubeba takriban jouli 406 kutoka kimo hicho hicho. Hewa huipunguza nishati ya chombo chepesi kwa kiwango kikubwa zaidi, na majani ya mti huipunguza zaidi. Mti ambao rubani anaulaani kwa kuinasa droni yake mara nyingi ndio ulioiokoa.

5.2 Mota zisizo na brashi

Mota za droni nyingi za leo hazina brashi za kaboni. Zina nyaya za shaba zilizopakwa ala isiyopitisha umeme, pamoja na sumaku zinazozunguka bila kugusana na nyaya hizo. Mvua ikizilowesha, kisha zikakauka, hakuna kikubwa kilichoharibika. Sehemu dhaifu ni beringi, ambazo hushika kutu, na nafasi nyembamba kando ya sumaku, ambayo huvuta chembe za chuma zilizomo mchangani.

5.3 Kumbukumbu isiyo na sehemu zinazosonga

Kadi ya kumbukumbu haina kitu kinachozunguka ndani yake. Ni kipande kilichofungwa ndani ya plastiki, na data yake haihitaji umeme ili kubaki. Kwa hiyo, hata droni iliyokufa kabisa inaweza kutoa picha zilizo salama.

Mfano wa karibu ni wa chombo kilichobebwa na puto badala ya rafadha. Mwaka 2013, kundi la wanafunzi nchini Marekani lilirusha puto lililobeba kamera na simu karibu na bonde kuu la Grand Canyon, jimboni Arizona. Puto lilifika takriban kilomita 30 juu, likapasuka, na mzigo ukaanguka jangwani, mahali ambapo simu haikuweza kupata mtandao ili itume mahali ilipo. Miaka miwili baadaye, mpita njia aliuokota. Kadi ya simu iliyokuwamo ndiyo iliyowezesha wenyewe kutambuliwa, na picha zote zilikuwa salama. Funzo la tukio hili ni mambo mawili: ukavu huhifadhi, na kitambulisho hurudisha.

5.4 Mahali ilipoangukia

Mazingira ndiyo hakimu wa mwisho. Nyanda kavu kama za Kajiado huhifadhi bodi za umeme vyema, ingawa jua lake hufanya plastiki kukauka na rafadha kupasuka. Maji baridi ya mto au ziwa hayana chumvi nyingi. Droni iliyotolewa mapema na kukaushwa inaweza kupona. Maji ya bahari ni habari tofauti. Chumvi hupitisha umeme, na droni inayozama Nyali au Diani ikiwa imewashwa huanza kuliwa papo hapo: mkondo wa umeme hupita majini na kuimumunya shaba ya bodi. Dakika chache baharini huweza kudhuru kuliko miezi kadhaa juu ya mgunga.

Wadudu nao wasisahauliwe. Nyigu hupenda kuziba vitundu vidogo kwa tope. Kitundu kinachopitisha hewa kwenda kwenye barometa kikizibwa, droni husoma kimo kisicho cha kweli, na huweza kujigonga chini huku ikiamini kwamba ingali juu.

6.0 Kuwaka si Kuwa Nzima

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Furaha ya kuiona taa ya kijani baada ya miezi miwili humfanya mtu afikie mkataa wa haraka kwamba droni imepona. Taa hiyo huthibitisha jambo moja tu, kwamba umeme umepita katika njia moja. Haisemi lolote kuhusu ufa ulio kwenye rafadha, wala kuhusu kilichotokea ndani ya betri.

Betri ndiyo hatari kuu. Seli moja ya betri ya lithiamu huwa na takriban volti 4.2 ikijaa, na haipaswi kushuka chini ya volti 3.0. Droni iliyoanguka ikiwa imewashwa huendelea kutumia umeme kidogo kidogo, na betri isiyo na mfumo wa kujizima huweza kushuka mno. Volti zikishuka kupita kiasi, shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka. Betri hiyo inapochajiwa upya, shaba hujikusanya mahali pasipopasa na kujenga daraja jembamba kati ya sehemu ambazo hazifai kukutana. Matokeo yake ni shoti ndani ya seli, joto, kisha moto wenye moshi wa sumu. Moto huu haufuati ratiba. Unaweza kuzuka wakati wa kuchaji au saa kadhaa baadaye.

Kutokana na hali hiyo, droni iliyookotwa inapaswa kupitishwa katika hatua zifuatazo kwa mpangilio huu.

Kwanza, betri itolewe kabla ya kubonyezwa chochote. Shauku ya kuiwasha 'kuona tu' ndiyo huua droni zilizolowa maji, kwa sababu umeme na unyevu vikikutana bodi huungua.

Pili, betri ikaguliwe kwa macho na kwa mikono. Iliyovimba, iliyobonyea, iliyozama baharini au inayotoa harufu tamu ya kemikali isichajiwe kamwe. Iwekwe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, hadi ifikishwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki. Hapana budi kuwaonya hapa mafundi wenye mazoea ya kuishtua betri iliyokataa chaji kwa kuipa umeme moja kwa moja. Betri ya kisasa inapokataa chaji, kukataa huko mara nyingi ni kinga iliyowekwa kwa makusudi.

Tatu, droni iliyozama baharini isuuzwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, ikiwa haina betri, kisha iachwe ikauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa na kivuli. Kuifukia katika mchele, kama wengi wafanyavyo kwa simu, hakuondoi chumvi iliyokwisha kuingia, na vumbi la mchele huongeza uchafu.

Nne, rafadha zote zibadilishwe hata kama zinaonekana safi. Rafadha huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ufa usioonekana kwa macho hugeuka kisu kinachoruka. Kila mota izungushwe kwa kidole ili kusikiliza kama inakwaruza.

Tano, betri nyingine iliyo nzima itumiwe kwa jaribio la kwanza, droni ikiwa haina rafadha. Dira na vipimio vya mwelekeo visawazishwe upya, maana mwanguko huvivuruga.

Sita, jaribio la kwanza la kuruka lifanywe kwenye uwanja mtupu, kimo kisichozidi mita mbili, kwa dakika chache, bila mtazamaji kukaribia. Ni baada ya hatua hii tu ambapo droni inaweza kuitwa nzima.

7.0 Haki na Wajibu wa Mwokotaji

Droni iliyookotwa ina mwenyewe. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinapofafanua wizi hakimwachi nje mwokotaji. Kwa ufupi, mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake hahesabiwi kuwa mwizi iwapo wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za kuridhisha kwamba hawezi kupatikana. Kinyume chake ni wazi: ambaye angeweza kumjua mwenye droni kwa kusoma namba iliyobandikwa, akaibandua, hana kinga.

Aidha, chini ya kanuni za vyombo hivi za mwaka 2020, droni nchini Kenya inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini. Kwa hiyo, mwokotaji ana mahali pa kuanzia hata pasipokuwa na jina la mwenyewe. Kituo cha polisi kilicho karibu ni mlango mwingine. Kanuni hizo zinamhusu pia anayekusudia kuirusha: droni haiwi halali kurushwa na fulani kwa kuwa fulani ndiye aliyeiokota.

Kadi ya kumbukumbu inaleta suala nyeti zaidi. Picha ya kwanza katika kadi mara nyingi ni ya miguu au uso wa rubani mwenyewe, na taarifa zilizofichwa ndani ya picha huonyesha mahali ilipopigwa, pengine uani kwake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeipa faragha hiyo uzito zaidi. Uungwana unamruhusu mwokotaji kutazama kiasi cha kumtambua mwenyewe tu. Kuzisambaza picha za harusi ya watu wasiojulikana ni kosa, hata kama nia ilikuwa kumtafuta mwenye droni.

8.0 Mchango wa Kiswahili katika Kulieleza Suala Hili

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza suala hili linamhusu vipi. Jibu limo katika minyambuliko ya vitenzi. Tazama sentensi tatu zifuatazo:

(a) Droni imepotea.
(b) Rubani amepoteza droni.
(c) Rubani amepotewa na droni.

Sentensi ya (a) inaifanya droni iwe mtenda, na mtu hayumo. Sentensi ya (b), yenye kiambishi cha kusababisha, inambebesha rubani jukumu: alitenda au aliacha kutenda. Sentensi ya (c) inamwonyesha rubani kuwa aliyefikwa na jambo. Rubani aliyegeuza droni betri ikiwa nusu katika upepo mkali amepoteza. Ambaye droni yake ilipigwa na mwewe amepotewa. Anayeandika ripoti ya ajali, ombi la fidia au tangazo la kutafuta chombo ana nyenzo ya kusema ukweli kwa silabi moja.

Vivyo hivyo kwa upande wa kupatikana. 'Inawaka' hurejelea taa. 'Inafanya kazi' hurejelea utendaji wa wakati huo. 'Ni nzima' hurejelea hali ya chombo chote. 'Imetengenezwa' humtaja fundi kwa kificho, na 'imepona' huazima lugha ya uhai. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi bila madhara. Katika maelekezo ya betri ya lithiamu, kubadilishana huko kuna gharama. Muuzaji anayetangaza droni ya mitumba kwa maneno 'inawaka vizuri' hajasema uongo, lakini mnunuzi aliyesikia 'ni nzima' ameshadanganyika.

Tatizo lililopo ni kwamba maelekezo yanayokuja ndani ya kasha la droni mara nyingi huwa kwa Kichina na Kiingereza. Mwokotaji ambaye huenda ni mchungaji au mvuvi hana kasha hilo, na huenda hasomi lugha hizo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kufanya jambo dogo lenye manufaa: kuandaa ukurasa mmoja wa maonyo kwa Kiswahili chepesi, unaoeleza namna ya kutoa betri, betri isiyofaa kuchajiwa, na mahali pa kuripoti. Kazi hiyo haihitaji baraza la istilahi kuketi kwanza, kwani maneno yapo. Betri imevimba, isichajiwe, itoe nje ya nyumba. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayehitaji kamusi kuyaelewa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba droni hupotea kwa sababu zinazoweza kuelezwa na, mara nyingi, kuzuiwa. Kwamba husakwa kwa mafanikio zaidi na anayeanza na kumbukumbu, upepo na wenyeji. Na kwamba husalimika kwa ajili ya wepesi wake, mota zisizo na brashi na kadi isiyo na kitu kinachosonga. Yamesisitiza pia kwamba taa inayowaka si cheti cha uzima, hasa kwa betri ya lithiamu iliyokaa bila chaji. Inapendekezwa kwamba kila rubani abandike namba yake ya simu kwenye droni kabla haijapaa, kila mwokotaji atoe betri kabla ya kubonyeza kitufe, na vyama vya Kiswahili viandae maonyo hayo na kuyasambaza kwa mafundi wa simu na redio, ambao ndio watu wa kwanza kuletewa droni zilizookotwa.